Sifuri Mahali pa Saba

Tangu aanze kazi, Kalunde Mihayo hakuwahi kushindwa na msimbo wa mtu yeyote, na jambo hilo alilisema mwenyewe, bila kuulizwa, kila alipopata mwanya. Kwa hiyo Jumatatu ile Injinia Rwegasira alipomkabidhi kipande cha msimbo kiitwacho soma_jibu, karakana nzima ilinyoosha shingo kutazama. Kipande hicho kilikuwa na mistari mia sita na arobaini iliyosongamana bila pa kupumulia. Wanne walikwisha kukijaribu kabla yake. Mmoja wao siku hizi anafuga kuku Igunga na anasema hajutii.

"Kipange upya," alisema Rwegasira, mkuu wa karakana, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. "Mapafu mapya ya kupoza nyumba yanafika mwezi ujao na majibu yao ni marefu kuliko haya ya sasa. Kikate vipande vidogo vinavyosomeka. Lakini tabia isibadilike. Kinachoingia kiingie, kinachotoka kitoke vilevile."

"Yaani nipange kabati bila kupoteza soksi."

"Hata soksi iliyotoboka, Kalunde. Hata hiyo nataka niikute."

Alhamisi saa tatu asubuhi kabati lilikuwa limepangika. Nje ya karakana mbuga ya Wembere ilikuwa imeshafika nyuzi arobaini na sita, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linakunja mikono ya shati. Mji wa Wembere Mpya uliishi kwa mapafu. Kila nyumba ilikuwa na moja juu ya paa, mashine inayovuta hewa ya moto, kuizamisha chini ya ardhi na kuirudisha ndani ikiwa baridi. Pafu likizima mwezi wa kumi, nyumba hugeuka tanuri kabla ya wali kuiva vizuri. Mtu mzima mwenye afya huweza kuvumilia saa tatu.

Kila dakika, kiini cha mfumo kiliuliza kila pafu: u hali gani? Pafu lilijibu kwa baiti chache, yaani tarakimu chache tu zilizofuatana. Ya kwanza ilisema anayejibu ni nani, ya pili jibu lina urefu gani, na ya tatu ilitaja hali. Sifuri maana yake salama. Saba maana yake beringi imelika. Kazi ya soma_jibu ilikuwa kusikia majibu hayo na kuyapeleka juu, na huko juu ndiko ilikokaa Sheria ya Hewa, isiyojua kubembelezwa: pafu lililosema saba lilizimwa dakika hiyohiyo, na halikuwashwa tena mpaka mkaguzi kutoka makao makuu alipitishe. Mkaguzi alipita kila baada ya siku kumi na moja.

Kalunde alichukua majibu ya mwaka mzima yaliyohifadhiwa, akayapitisha kwenye kipande cha zamani na kwenye vipande vyake vipya, kuhakikisha matokeo yanafanana kama mapacha. Akabonyeza, akaenda kujimiminia chai ya tangawizi. Aliporudi skrini ilikuwa kijani kutoka juu hadi chini, isipokuwa mapafu thelathini na nane yaliyowaka mekundu. Yote yalikuwa na namba chini ya mia nne. Yote yalikuwa Mtaa wa Reli. Kipande cha zamani kilisema yapo salama, chake kilisema saba.

"Nimekosea wapi?" alijiuliza kwa sauti, na wenzake wawili watatu wakatabasamu kama watu waliosubiri siku hiyo kwa muda mrefu.

Alitafuta kosa lake kwa saa nzima, akalikosa kwa sababu halikuwapo. Katika mstari wa mia nne na kumi na mbili, ndani ya sharti lililofichwa ndani ya sharti jingine, kipande cha zamani kilisema hivi: kama namba ya pafu ni chini ya mia nne, na hali ni saba, andika sifuri. Pembeni palikuwa na maelezo ya aliyeuandika, Sikudhani Mwinyikondo, ya miaka tisa iliyopita.

*Hapa ninaudanganya mji mzima, mtani wangu. Nizuie kama una ubavu.*

Chini yake mkaguzi wa kazi hiyo alikuwa amejibu.

*Nimecheka mpaka machozi. Pita, Mzaramo. K. Mihayo.*

Kalunde alisoma jina lake mara tatu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kama inauma hivi.

* * *

Karakana ya Wembere Mpya ilikuwa na desturi yake, na watu wa miji mingine waliicheka mpaka walipoona matunda yake. Kazi ya mtu haikukaguliwa na rafiki yake wala na mkubwa wake. Ilikaguliwa na mtani wake. Mnyamwezi alikaguliwa na Mzaramo, Mzaramo na Mnyamwezi, kwa maana mtani anaweza kukuambia kazi yako inanuka na wewe huna ruhusa ya kununa. Makosa mengi yalifia hapo, katikati ya vicheko. Na kulikuwa na sharti la pili: mstari wa mtu haukuondolewa bila mwenyewe kuulizwa na kutia dole gumba, hata kama amestaafu, hata kama amehamia mbali.

Bi Sikudhani hakuwa amehamia mbali. Alikaa Mtaa wa Reli, nyumba yenye pafu namba mia mbili kumi na saba, akilima uyoga. Alistaafu kwa sababu ya kifua, na chumba chake cha mbele kilijaa makasha ya uyoga mweupe yaliyopangwa mpaka dirishani, yakifurahia ubaridi kuliko binadamu.

"Karibu, mpagazi," alisema bila kugeuka. "Leo umekuja bila mzigo? Babu zako wakikuona watalia."

"Babu zangu walibeba mizigo mpaka pwani wakawakuta babu zenu wamelala," Kalunde alijibu, lakini ulimi wake ulikuwa mzito na Bi Sikudhani akalisikia hilo mara moja. Akaacha kumwagilia. Akakaa.

"Umefika mstari wa mia nne na kumi na mbili."

"Nimefika."

"Miaka tisa," alisema Bi Sikudhani. "Ulikuja kwa miguu nini?"

Kalunde hakucheka. Alimwonesha kishikwambi chenye orodha ya mapafu mekundu, akamwambia kwamba nyumba thelathini na nane zinasema beringi zimelika na hakuna anayezisikia, na hii waliyokaa ni mojawapo. Juu ya vichwa vyao pafu liliendelea kunguruma taratibu.

Bi Sikudhani aliipitia orodha mpaka mwisho. Kisha akasimulia, kwa ufupi, maana pumzi haikumruhusu kupamba. Mapafu ya kwanza, yote chini ya namba mia nne, yalitoka kiwandani na kasoro. Kipimo chao cha beringi kilikuwa kiwete. Joto likizidi nyuzi arobaini na tano kilisema saba hata kama beringi ni mpya. Mwaka wa joto kubwa, mchana mmoja, Sheria ya Hewa ilizima mapafu mazima sitini kwa saba za uongo; yaliyosalia leo ndiyo haya thelathini na nane. Walikufa watu kumi na mmoja katika mtaa huu. Aliandika makao makuu barua nne. Walimjibu kwamba suala lake linafanyiwa kazi.

"Basi nikalifanyia kazi mimi," alisema. "Mashine ilikuwa inadanganya, nikaidanganya na mimi. Watatu kati ya wale nilisaidia kuwaosha, Kalunde. Sikuwa na subira ya barua ya tano."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia! Nilikuandikia kwa mkono wangu. *Nizuie kama una ubavu.* Nilitaka mtu mmoja tu aje aniulize, Bi Sikudhani, hii maana yake nini? Ningekueleza yote, tungeibeba wawili. Nilikaa siku mbili nakungoja. Ukaniletea kicheko."

Kalunde alihisi uso wake unawaka, na haikuwa kwa joto. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne wakati ule, wiki ya tatu kazini, na aliposoma maneno yale alidhani ni utani mtamu kuliko wote aliowahi kuona. Aliwasomea wenzake kwa sauti. Ukweli ulivaa nguo za utani, ukapita mbele yake, naye akaupigia makofi.

"Samahani," alisema.

"Samahani yako nimeipokea. Lakini haizibi kitu. Wakati ule saba zilikuwa za uongo. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Beringi za miaka tisa zinalika kweli sasa, na pafu lenye beringi mbovu halizimi kistaarabu. Linakwama, linashika moto. Nimelala chini ya hili nikisikiliza, na masikio yangu hayanitoshi kujua. Saba ya uongo na saba ya kweli zinafanana, mwanangu. Ningejua njia ya kuzitenganisha ningekuita mimi mwenyewe."

Kalunde alitazama juu, kwenye mngurumo. Hapo ndipo kile kiburi chake kilichomfanya asemwe mji mzima kilipomsaidia. Hakupenda kuambiwa kitu hakitenganishiki.

"Jibu la pafu lina baiti ngapi?" aliuliza.

"Tano. Tunasoma tano."

"Tunasoma tano. Lenyewe linatuma ngapi?"

Baiti ya pili ndiyo inayotaja urefu wa jibu, na katika mistari mia sita na arobaini hakuna hata mmoja uliowahi kuiuliza.

* * *

Yalikuwa yanatuma kumi na mbili. Saa sita kasoro Kalunde alikuwa amezitandaza zote kwenye skrini ya Injinia Rwegasira, akieleza huku ameshika kikombe cha chai iliyokwisha poa.

Baiti saba za mwisho zilikuwa vipimo vya mtetemo wa mhimili. Pafu lilizituma kila dakika kwa miaka yote hiyo, na soma_jibu kilizikata na kuzitupa kama maganda. Mhimili uliokaa kwenye beringi nzima hutetemeka kidogo na sawasawa, asubuhi na mchana, hata kama kipimo kiwete kinapiga kelele ya saba. Mhimili wa beringi iliyolika hutetemeka zaidi kila wiki. Kati ya mapafu thelathini na nane, thelathini na matano mistari yake ya mtetemo ilikuwa imelala. Mitatu ilipanda mlima. Mmoja kati ya hiyo mitatu ulikuwa wa namba mia mbili kumi na saba.

"Hongera," Rwegasira alisema, na alimaanisha. Kisha akainuka akafunga mlango. "Sasa nisikilize, dada. Matatu hayo tuyatengeneze leo, kimya kimya. Naweka fundi juu ya paa, nasema ni usafi. Hayo mengine uyaache yalivyo. Nilikuambia tabia isibadilike, na hujaibadilisha. Hakuna atakayekosa hewa, na hakuna atakayemuuliza yule mama mgonjwa kwa nini aliidanganya Sheria miaka tisa. Wala wewe kwa nini ulimpitisha."

Lilikuwa pendekezo la mtu mwema, na ndiyo maana Kalunde hakulikataa papo hapo. Alimwona Bi Sikudhani mbele ya baraza, akikohoa, akiulizwa maswali na vijana waliovaa suti. Alijiona na yeye akirudisha kitambulisho. Na upande wa pili wa mizani nini? Mstari mmoja ubaki, sifuri ikae mahali pa saba. Thelathini na matano hayo ni mazima leo.

Leo. Mwakani yatakuwa na miaka kumi.

"Na mwakani nani ataangalia mtetemo?" aliuliza.

"Wewe."

"Nikihama? Nikifa? Atakuja mwingine mwenye kiburi kama changu, atakuta sifuri, ataamini. Injinia, mficha uchi hazai. Nikiruhusu saba zote zipite juu, Sheria itayazima yote thelathini na nane. Tutapeleka makao makuu vipimo vya mtetemo mchana huuhuu. Mkaguzi ana ruhusa ya kuwasha akiwa mezani kwake, akiona ushahidi, na kuiagiza Sheria ipuuze saba ya pafu ambalo mtetemo wake ni shwari. Anaweza kuwasha thelathini na matano kesho."

"Au baada ya siku kumi na moja."

"Au baada ya siku kumi na moja. Ukumbi wa karakana una mapafu manne makubwa na unachukua watu mia tatu. Mtaa wa Reli wote hawazidi mia na hamsini. Tuwahamishe kwanza, tuwaambie kwa nini, halafu ndiyo tuwashe kipande kipya."

"Ukiwaambia kwa nini, unawaambia na aliyefanya ni nani."

"Najua."

Rwegasira alisugua paji la uso. "Mimi bado naona tuuache huo mstari."

"Sawa." Kalunde alimsogezea kishikwambi, mstari wa mia nne na kumi na mbili ukiwa wazi, na chini yake nafasi tupu. "Mimi nakipanga upya, kwa hiyo mstari huu unaingia upya. Karakana hii mstari hauingii bila jina. Mimi langu siliweki mara ya pili. Weka lako."

Injinia aliitazama ile nafasi tupu kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe wakati mamake anavuka barabara na harudi. Mkono wake ulitoka mfukoni, ukakaribia, ukarudi mfukoni.

"Ukumbi umefungwa," alisema mwishowe. "Ufunguo anao mlinzi. Ngoja nikamwamshe."

* * *

Saa nane mchana Mtaa wa Reli ulikuwa umehama. Watu walibeba mikeka na masufuria na walilalamika, na waliposikia sababu wengine walimgeukia Bi Sikudhani aliyekuwa amesimama mlangoni kwake. Mama mmoja aliyempoteza mumewe mwaka ule wa joto kubwa alimwendea, akamtazama usoni. Mama yule akasema, "Ungetuambia, tungekusaidia kudanganya," kisha akashika njia ya ukumbini. Bi Sikudhani alifuta macho kwa ncha ya khanga.

Alikuwa wa mwisho kubaki mtaani, kwa sababu dole gumba lake lilikuwa bado linahitajika. Kalunde alimfuata ndani, akakaa kwenye kigoda kati ya makasha ya uyoga, akampa kishikwambi. Vipande vipya vilikuwa ishirini na vitatu, kila kimoja kina kazi yake na jina linaloeleweka: kimoja cha kupima urefu, kimoja cha kusoma hali, kimoja cha mtetemo. Bi Sikudhani alivisoma vyote kwa utaratibu. Alikohoa mara mbili. Juu yao namba mia mbili kumi na saba iliendelea kunguruma kama kawaida.

"Hiki cha tisa kibaya," alisema. "Umekiandika ukiwa na njaa."

"Nitakirekebisha."

"Kirekebishe sasa. Mimi sitii dole kwenye uchafu."

Kalunde alikirekebisha. Kisha Bi Sikudhani akafika mahali ulipokuwa mstari wake. Haukuwapo. Palikuwa na mstari mmoja mfupi unaoipeleka hali juu kama ilivyosemwa, na mtetemo pamoja nayo, na pembeni maelezo.

*Mimi Kalunde binti Mihayo nasema bila utani. Hapa palikuwa na uongo uliookoa watu, aliouandika Sikudhani binti Mwinyikondo, nami niliupitisha bila kuuliza. Sasa hapa panasemwa kweli. Mtani wangu, nizuie kama una ubavu.*

Bi Sikudhani aliyasoma. Hakucheka. Kalunde alijikuta ameshika magoti yake mwenyewe, akingoja kama mwanafunzi.

"Panasemwa kweli kila mara?" aliuliza Bi Sikudhani. "Hata mashine ikisema uongo?"

"Hata hapo. Tunapeleka ilichosema, na tunapeleka mtetemo wake. Mwenye macho atajionea."

"Na wakinifukuza kwenye nyumba hii?"

"Utakaa kwangu. Uyoga utalala jikoni."

"Jikoni kwako ni kuchafu."

"Ni kuchafu," Kalunde alikubali.

Bi Sikudhani alisoma maelezo yale tena, midomo ikitembea kwenye majina yao mawili. Kisha akafanya kile ambacho Kalunde hakukifanya miaka tisa iliyopita. Aliuliza. Aliuliza kuhusu baiti ya sita, na kuhusu pafu likikatiza jibu katikati, na kuhusu mtetemo wakati wa upepo mkali, na kila jibu alilipima kabla ya kwenda kwenye swali linalofuata. Maswali yalipokwisha alifuta kidole kwenye khanga, akakiweka.

Kwa sekunde chache hakikutokea kitu. Dakika ilipotimia, kiini cha mfumo kiliuliza kama kilivyouliza siku zote, pafu namba mia mbili kumi na saba likajibu kama lilivyojibu siku nyingi, na safari hii likasikika. Mngurumo juu ya dari ulishuka, ukakwaruza, ukanyamaza. Kalunde hakujua kwamba nyumba ile ilikuwa na saa ya ukutani mpaka alipoisikia ikigonga.

Joto lilianza kuingia kupitia dirishani. Uyoga ungedumu dakika ishirini. Bi Sikudhani aliinuka kwa kujikongoja, akajifunga khanga vizuri, akanyoosha kidole kwenye kasha kubwa kuliko yote.

"Haya, mpagazi," alisema. "Mzigo huo hapo."

Kalunde aliinama, akajitwika.